Kijana anataka injinia lakini shule inasema aache fizikia, naombeni ushauri

MamaNax: Hamjambo wadau. Niko hapa Nakuru, kijana wangu ako fomu tatu, wao ndio lile kundi la mwisho la 8-4-4 (mfumo wa zamani wa elimu) watafanya KCSE, mtihani wa fomu nne, 2027. Anataka sivil injinia, na tangu waanze kupanua hii barabara ya Rironi hadi Mau Summit hatulali kwa nyumba, ni maswali tu ya daraja na lami. Shida ni fizikia. Anapata C plain, saa zingine C+, hesabu na kemia ako na B. Sasa wameitwa wakaambiwa wale wa C za fizikia waiache wachukue bizna (somo la biashara) juu inapandisha wastani wa shule na wa mtoto. Mimi mambo ya klasta siyajui vizuri. Kwani KUCCPS, wale wa kupeana nafasi za vyuo, wanaangalia wastani ama wanaangalia somo moja moja? Na hizi za kuchagua kama agri zina kazi yoyote? Fomu ya kuchagua masomo inafungwa wiki ijayo, tafadhali mnisaidie.

Mwalimu_Njoro: Mama, usisaini chochote kwanza. Wastani na klasta ni vitu viwili tofauti na wazazi wengi hawaelezwi. Wastani ni wa masomo 7, A ni pointi 12 na E ni 1, kwa hivyo juu kabisa ni 84. Akifika 46 ako na C+, hapo anaruhusiwa kuomba digrii, basi. Kozi yenyewe inapeanwa kwa klasta, yaani masomo 4 ambayo hiyo kozi inataka. Injinia ni hesabu, fizikia, kemia, halafu ya nne inaweza kuwa bayo ama jiografia ama agri ama kompyuta, ile amefanya poa. Bila fizikia hata awe na A ya wastani sivil haipati.

Hesabu ya msingi iko hivi: pointi za klasta gawanya kwa 48, jumla ya masomo 7 gawanya kwa 84, zidisha hizo mbili, tafuta kipeuo cha pili, zidisha na 48. Mtoto wa pointi 60 (hiyo ni B plain) na klasta ya 36 anatoka na 35.1 hivi. Mwenzake wa 60 hiyo hiyo lakini klasta ni 32 anatoka na 33.1. Wastani wao ni mmoja na mmoja wao anaweza kukosa kozi.

JaKisumo: Mwalimu umesema ukweli lakini umwambie mama yote. Sivil inataka C+ kwa hesabu, fizikia na kemia, sasa C plain ya fizikia itamfungia nje hata akiwa na hilo somo kwa cheti. Mimi naona shule haijakosea sana. Na si lazima digrii moja kwa moja, C- ya wastani inaingia diploma, hapa Kisumu National Polytechnic vijana wanaanzia hapo na baadaye wanaendelea na digrii.

Mwalimu_Njoro: Ni kweli ndugu yangu, C+ lazima. Lakini huyu anagusa C+ tayari na bado ako na huu mwaka na mwingine. Halafu kuna kitu shule haijamwambia mama. Tangu KCSE ya 2023 wastani unahesabiwa na hesabu, lugha moja ile bora, na 5 zingine bora. Akifanya masomo 8, moja inabaki nje. Fizikia ikiwa ndiyo ya chini kabisa haimgusi wastani hata kidogo, sasa hiyo sababu ya kuitoa iko wapi? Inaniuma sana nikiona mtoto anafungiwa kozi akiwa fomu tatu.

Mulembe_Sivil: Mama niko MMUST, chuo kikuu cha Masinde Muliro hapa Kakamega, na nafanya hiyo sivil. Fomu mbili nilikuwa D+ ya fizikia. Kilichonipandisha ni pepa 3, ile ya praktiko, iko na maksi 40 na wengi wanaziacha hapo, kwa sababu hawajawahi kushika vifaa mpaka siku ya mtihani, ukijua kuchora grafu na kusoma ammita vizuri hizo ni maksi za bure kabisa. Na agri asiidharau, ile projekti anaifanya mapema. Yangu ilitoka A- ndiyo ikaingia nafasi ya nne, bayo nilikuwa chini.

Shemeji_wa_Bungoma: Kama anawaza pia Marekani, huko hakuna klasta. Wanaitisha matokeo ya miaka yote 4 na wanaangalia kama ulichukua masomo magumu yaliyokuwa shuleni kwenu. Mtu wa injinia bila fizikia wataona. Weka ripoti zake zote tangu fomu wani.

MamaNax: Mungu awabariki. Hiyo ya somo moja kubaki nje sikuwa nimeisikia kabisa. Sasa mwalimu, hizo 8 ziwe gani? Kwa sasa ako na historia, jiografia, agri na bayo.

Mwalimu_Njoro: Kiingereza, Kiswahili, hesabu, fizikia, kemia, bayo, jiografia, agri. Historia ndiyo itoke, kwa injinia jiografia yatosha. Ukienda shule beba ripoti za mihula yote, na umtafute mwalimu wa fizikia mwenyewe kabla ya kuingia ofisini, umuulize anapoteza maksi pepa gani.

MamaNax: Naenda Jumanne asubuhi, na kijana nitaenda naye.