Kichwa cha treni ya modeli cha mvuke, HO: kitoa moshi kinatema mafuta, moshi hakuna

mvuke_187
Wakuu, naomba msaada. Kichwa cha treni yangu ya modeli ni cha mvuke, kipimo cha HO (1:87), bodi ya chuma, kinaendeshwa kwa DCC (amri za kidijitali zinazopita kwenye reli), reli zina volti 16 hivi. Kitoa moshi ni kile cha kampuni ya Seuthe cha kuchomeka kwenye dohani. Mguu wa chini umefungwa kwenye waya wa kijani wa dekoda (sakiti ndogo ndani ya kichwa inayopokea amri), ganda lake limeachwa ligusane na bodi. Kikijazwa mpaka juu kinatema matone, dohani inalowa yote, moshi hautoki. Mafuta yakipungua unatoka uzi mwembamba kwa muda mfupi, halafu basi. Kikitolewa nje na kupimwa kwa maltimita kinasoma omu 100. Kimekufa, au tatizo liko kwingine? Na kuna namna ya kuufanya moshi utoke kwa mapigo kufuata magurudumu?

koili_moto
Usinunue kingine, mkuu. Omu 100 maana yake koili ni nzima. Ingekatika, maltimita isingesoma kitu. Anza na ujazo.

Mle ndani kuna kijibomba chembamba kimesimama katikati, kimezungushiwa waya wa koili. Mafuta huingia kwa chini, hupanda yenyewe, yakifika penye koili yanachemka. Viputo vinasukuma mvuke wa mafuta juu, na mvuke huo ukikutana na hewa ya baridi ndipo tunauona kama moshi. Ukijaza mpaka mdomo wa kijibomba ukazama, kila kiputo kinapasua mafuta yaliyokifunika na kuyarusha nje. Hayo ndiyo matone yako.

Zima, acha kipoe, fyonza ziada kwa bomba la sindano lenye ncha butu, au ingiza tishu iliyosokotwa ikanywe. Kisha tia mafuta tone kwa tone hadi nusu ya kifaa, usivuke theluthi mbili. Washa na ukipe kama dakika moja kipate joto kabla hujakihukumu.

Kikigoma bado, kijibomba kimeziba. Chukua uzi mmoja kutoka kwenye waya laini wa shaba, upitishe juu na chini kifaa kikiwa baridi. Kinachoziba ni masizi ya mafuta yaliyoungua, na mafuta huungua pale kifaa kinapoachwa kiwake kikavu. Moshi ukianza kukonda, zima hapo hapo.

Mafuta yawe yale ya moshi wa modeli. Maji ya mashine za moshi za kumbi za muziki yana glaikoli na maji: yanatema, yanaacha utando na kuleta kutu. Mafuta ya taa usithubutu, yanashika moto.

waya_bluu
Ujazo ni kweli, ila huo uzi mwembamba unatokana na waya. Bodi ya chuma mara nyingi imeungana na reli ya upande mmoja. Waya wa kijani huenda kwenye hasi ya dekoda, kwa hiyo unahitaji mwenzake aliye chanya muda wote, na huyo ni waya wa bluu. Reli ya DCC inageuka chanya na hasi maelfu ya mara kwa sekunde. Ukipitia kwenye bodi unapata umeme nusu ya muda tu. Piga hesabu: volti 14 hivi zinazobaki baada ya dekoda, kwenye omu 100, ni karibu wati 2. Kwa nusu ya muda ni wati 1, mafuta yanapata joto lakini hayachemki vizuri.

Tenga ganda na bodi kwa utepe wa kaptoni (unaostahimili joto na kuzuia umeme). Usilehemu kwenye ganda lenyewe: tengeneza pete ya bati jembamba la shaba inayolibana, lehemu waya kwenye pete kabla ya kuivisha, peleka waya huo kwenye bluu. Kijani kibaki. Kabla ya kuwasha, pima kati ya pete na bodi. Maltimita ikisoma karibu omu sifuri, hiyo ni shoti, na dekoda inaweza kuungua.

Angalia pia uwezo wa dekoda. Koili hii itavuta miliampea 140. Kama njia ya waya wa kijani inabeba 100 tu, weka transista katikati ibebe mzigo. Kwa dekoda za kampuni ya Zimo, CV (namba za mipangilio ya dekoda) 137, 138 na 139 ndizo zinazopanga moshi ukiwa umesimama, ukitembea na ukiongeza mwendo: jaribu 80, 150 na 255. CV353 huzima moshi wenyewe baada ya muda: kila 1 unayoweka ni sekunde 25, kwa hiyo ukiweka 12 ni dakika 5. Hiyo iweke, ndiyo itakayookoa koili.

mvuke_187
Asanteni sana. Nimepima: bodi na reli ya kulia zinasoma karibu sifuri. Na mapigo je?

garati_59
Kifaa hicho hakina mapigo, mkuu, moshi wake unapanda tu. Mapigo yanataka feni inayopuliza ndani ya chemba yenye rezista na utambi, na nafasi yake hupatikana kwa urahisi zaidi kwenye modeli kubwa za geji O au geji 1. Silinda mbili ni mapigo 4 kwa mzunguko mmoja wa gurudumu, silinda tatu kwa kawaida 6. Garratt kama zile za daraja la 59 za Reli ya Afrika Mashariki zina seti mbili za silinda na magurudumu, mbele na nyuma, zinazotolea dohani moja, kila seti na 4 zake, na kwa kuwa hazikuunganishwa huachana na kukutana tena njiani. Ukiziigiza usizifunge pamoja, utaua ule mdundo wake.

Utambi uwe wa nyuzi za kioo, uiguse rezista bila kuibana. Ukiwa mweusi na mgumu, badilisha, haunywi tena.

Na baada ya kila kipindi cha moshi futa reli na magurudumu kwa spiriti. Moshi huo ni mafuta, unatua chini: kichwa kitaanza kukatakata umeme na kuteleza mlimani, na ile mipira ya magurudumu itavimba.