Hedifoni zinakata kila mara na duka linanizungusha na waranti, naombeni ushauri

Wakuu, salaam.

Nina hedifoni za bluetooth nilizonunua duka moja Arusha mjini, waranti ya mwaka 1, risiti ya EFD ninayo. Mimi nakaa Moshi. Upande wa kulia unanyamaza ghafla, kisha zote zinajitoa kwenye simu na kurudi zinapojisikia. Nimezifuta kwenye simu nikaziunganisha upya, nimesasisha programu yake, nimejaribu na simu ya mdogo wangu. Wapi! Najua bluetooth inatumia masafa ya 2.4 GHz, yaleyale ya Wi-Fi nyingi, kwa hiyo pale stendi kuu ningeelewa. Lakini zinakata hata Kibosho shambani, katikati ya migomba, ambako hakuna Wi-Fi ya mtu yeyote.

Duka walizipokea, wakanirudishia wakidai zimepona. Haukupita muda, ugonjwa uleule. Sasa wanataka kuzituma Dar kwa fundi wao, zitarudi lini hawasemi, na hawataki kuniandikia hata kikaratasi cha kuonyesha wamezipokea. Hapo ndipo wananitia wasiwasi.

Je, nikomae wanipe nyingine, au nidai hela yangu? Kuna aliyewahi kupeleka malalamiko ya namna hii Tume ya Ushindani (FCC) akasaidiwa? Na mafundi, hili huwa ni betri, antena au saketi yenyewe? Kuna fundi hapa mtaani yuko tayari kuzifungua, ila naogopa zikishafunguliwa tu, waranti ndiyo basi tena.