Kubadili shotigani ya pampu iwe bulpapu: inafaa au niachane nayo?

Mlinda Boma: Wakuu, naomba ushauri. Nina shotigani ya pampu (unaikoki kwa kuvuta na kusukuma kishikio cha mbele), Mossberg 500 ya geji 12 (kipimo cha upana wa mtutu), mtutu wa inchi 18.5, naimiliki kihalali kwa ulinzi wa nyumba. Kwenye korido na milangoni urefu wake unanisumbua. Nimeona vifaa vya kuigeuza bulpapu: chemba na mitambo inakaa nyuma ya triga, karibu na bega. Mtutu haukatwi, ila bunduki nzima inafupika. Waliowahi kutumia, mnasemaje?

Fundi Chuma: Mkuu, kwenye urefu hujadanganywa, unapungua vizuri tu. Uzito nao unarudi begani, mkono mmoja unaweza kuibeba huku mwingine unafungua mlango. Tatizo ni kwamba 500 haikuzaliwa hivyo. Triga ya zamani inabaki kule nyuma, hii mpya inaisukuma kwa fimbo. Mvuto unakuwa mrefu na mlegevu, hujui hasa itafyatuka wapi. Halafu sefti (swichi ya kuzuia isifyatuke) ya 500 iko juu, nyuma ya mitambo. Ukishaigeuza, pale ndipo shavu lako linapolala, dole gumba halifiki tena. Kwangu mimi hilo ni kubwa kuliko urefu wote utakaopunguza. Jaribu pia kujaza risasi: tundu la kujazia linakuja karibu na kwapa, lazima uishushe bunduki begani kwanza.

Wa Kushoto: Nyumbani kuna anayelenga kwa bega la kushoto? 500 hutema maganda upande wa kulia, na kwenye bulpapu tundu la kutemea linakaa usoni kwake. Ukitaka bulpapu ya pampu kweli, tafuta iliyoundwa hivyo tangu kiwandani. Kel-Tec KSG hutema chini, ina magazini mbili za bomba (mirija ya kuwekea risasi), na mtutu wake ni inchi 18.5 kama wako.

Mama Shabaha: Mimi naogopea mkono wa mbele. Bunduki ikiwa fupi, mkono unaokoki unakaribia mdomo wa mtutu, na mtu akiwa na hofu anakoki kwa nguvu. Mlio nao unasogea masikioni, ndani ya nyumba utauhisi. Na sheria usiisahau kaka. Marekani, kwa mfano, shotigani ya kawaida haitakiwi kuwa chini ya inchi 26 kwa urefu wote. Uliza waliokupa leseni kabla hujanunua chochote.

Mlinda Boma: Asanteni sana. Mke wangu anatumia kushoto, kwa hiyo bulpapu basi. Vipi nikiweka kitako kifupi tu?

Fundi Chuma: Hapo sawa kabisa. Sefti, triga na tundu la kujazia vyote vinabaki mahali mlipozoea. Chagua chenye mpira mnene wa begani, na mkipime wote wawili, kimfae mwenye mikono mifupi.