Familia ya Bombo: video za nikaha

Shangazi Mwajuma: Assalamu alaykum jamani. Video za nikaha ya Zulfa ziko kwenye kompyuta ya Swaleh, GB 9. Flashi yangu inazikataa. Azipakie mtandaoni nizichukue huko?

Hamisi: Waalaykum salaam Shangazi. Hapana, bando litaliwa mara mbili, zikipanda na zikishuka, na nyote mko kwenye waifai moja. Flashi nyingi zimepangwa kwa mfumo wa FAT32, nao haubebi faili moja linalozidi GB 4. Swaleh, kompyuta yako izigawe yenyewe humo kwenye waifai. Fungua terminali (dirisha la kuandikia amri):

cd ~/Videos/nikaha
python3 -m http.server 8000

Kisha kwenye terminali ya pili, upate anwani ya kompyuta yako: hostname -I

Swaleh: 192.168.1.14

Hamisi: Shangazi, andika kwenye brauza http://192.168.1.14:8000

Shangazi Mwajuma: Mashallah, majina yote nayaona!

Mjomba Ramadhani: Data inakatwa kwa nani?

Hamisi: Hakuna anayekatwa, Mjomba. Inatoka kwa Swaleh, inapita kwenye ruta, inaingia kwa Shangazi. Hata bando likiisha, kazi inaendelea.

Mjomba Ramadhani: Na wale majirani tuliowapa nenosiri la waifai?

Hamisi: Nao wanaweza kufungua. Njia hii haiulizi nenosiri.

Shangazi Mwajuma: Swaleh funga! Humo mna za akina mama, wamevua mitandio!

Hamisi: Swaleh, Ctrl+C sasa hivi. Halafu soma mistari iliyoandikwa hapo, kila aliyeingia anwani yake imebaki.

Swaleh: Nimefunga. Ni 192.168.1.20 peke yake.

Shangazi Mwajuma: Mimi hiyo, nimehakikisha kwa ipconfig. Alhamdulillah.

Hamisi: Basi tupite kwenye ssh, njia ya kuingia kompyuta nyingine kwa usalama, hiyo inadai nenosiri na njiani kila kitu kimefichwa. Swaleh: sudo apt install openssh-server. Hapo utatumia data kidogo tu. Shangazi, Windows yako ni 10 au 11?

Shangazi Mwajuma: 11.

Hamisi: scp, amri ya kunakili faili kupitia ssh, imo tayari. Fungua terminali uandike hivi, na nukta ya mwisho usiiache:

scp -r swaleh@192.168.1.14:Videos/nikaha .

Shangazi Mwajuma: Inauliza kama naiamini hiyo kompyuta.

Hamisi: Andika yes. Huuliza mara ya kwanza tu. Swaleh aje akuandikie nenosiri lake.

Shangazi Mwajuma: Anaandika lakini hakuna kinachotokea!

Hamisi: Herufi hazionyeshwi, hata nyota. Amalize tu, abonyeze Enter.

Shangazi Mwajuma: Imeanza! 11MB/s.

Hamisi: Kama robo saa hivi. Chomeka chaja, umeme ukikatika scp huanza faili upya.

Mjomba Ramadhani: Mimi narudi Arua kesho alfajiri, na betri yangu haikai.

Hamisi: Yako ni Ubuntu, Mjomba, tumia rsync, nayo hunakili kupitia ssh. Ikikatika, rudia amri ileile, itaendelea ilipoishia:

rsync -avP swaleh@192.168.1.14:Videos/nikaha .

Shangazi Mwajuma: Ramadhani, za akina mama usichukue.

Mjomba Ramadhani: Sawa dada. Swaleh, zihamishie folda nyingine kwanza, ndipo nianze.

Swaleh: Shangazi akimaliza nazihamisha, Mjomba.