Mama anakwenda Uingereza kwa visa ya matembezi: hospitali analipa nani?

Kutoka Tabata

Shikamooni wakubwa, na wengine habari za leo. Mama anakwenda Birmingham kukaa miezi mitano kwa visa ya matembezi, amsaidie mdogo wangu aliyejifungua. Ana presha na sukari, anameza dawa kila siku. Mdogo wangu yuko kule kwa visa ya kazi, anakatwa kodi kila mwezi na tozo ya afya alishalipa. Nyumbani kuna wanaosema mama atatibiwa bure kwa mgongo wa binti yake, na wengine wanasema akikanyaga hospitali tu, visa ya Uingereza asahau maisha yake yote. Lipi ni sahihi, na tuandae nini kabla ya kukata tiketi?

Kutoka Upanga

Marahaba. Yote mawili si sahihi, na hilo la pili ndilo la hatari zaidi, kwa sababu linawafanya wazee wakae na maumivu ya kifua chumbani wakiogopa bili.

NHS, yaani huduma ya afya ya umma ya Uingereza, inaendeshwa kwa sehemu kubwa na kodi, na tangu ilipoanza tarehe 5 Julai 1948 mgonjwa hadaiwi pale anapotibiwa. Lakini kwa mujibu wa sheria, bure hiyo ni ya mkazi. Mtu anayehitaji visa kuishi kule hahesabiwi mkazi mpaka apate ruhusa ya kukaa bila kikomo. Kwa hiyo hata binti yenu, pamoja na kodi yote anayokatwa, hatibiwi bure kwa sababu ya kodi. Anatibiwa kwa sababu alilipa tozo ya afya ya uhamiaji alipoomba visa, na tozo hiyo inamfunika yeye peke yake. Mume ana yake, kila mtoto aliyeombewa visa ana yake. Mama mzazi hayumo.

Tozo yenyewe, tangu tarehe 6 Februari 2024, ni pauni 1,035 kwa mwaka kwa mtu mzima, na pauni 776 kwa mwanafunzi au mtoto wa chini ya miaka 18. Inalipwa yote kwa mkupuo wakati wa kuomba visa, miaka yote ya visa kwa pamoja. Kipande cha mwaka kisichozidi miezi sita kinahesabiwa nusu, kikizidi hapo ni mwaka mzima. Mwanafunzi anayepewa visa ya miezi 16 kwa shahada ya uzamili ya mwaka mmoja analipa 776 na nusu yake 388, jumla 1,164. Familia ya wazazi wawili na watoto wawili kwa visa ya kazi ya miaka mitatu inatoa pauni 10,866 kabla hata ya ada za visa, ndiyo maana wengi wanakwama hapo.

Mama yenu hawezi kuilipa hata akitaka. Visa ya miezi sita au chini yake inayoombwa kutoka huku haina tozo hiyo. Msihangaike kutafuta pa kuilipia, na mtu akiwaambia atawalipia, mkimbieni.

Sasa akiumwa. Kumwona daktari wa familia, yule GP, ni bure kwa kila mtu, mgeni na mwenyeji. Akikaa zaidi ya saa 24 na chini ya miezi mitatu anaandikishwa kama mgonjwa wa muda. Kwa miezi mitano anaweza kuandikishwa kawaida. Kituo hakitakiwi kumkatalia kwa kukosa kitambulisho au uthibitisho wa anwani, ingawa mapokezi huviomba, kwa hiyo aende na pasipoti ili mambo yawe mepesi. Kupiga 111 kuuliza ushauri ni bure. Dawa alizoandikiwa, England, ni pauni 9.90 kwa kila aina tangu Mei 2024. Scotland, Wales na Ireland ya Kaskazini wana kanuni zao za kutoza wageni, msichukue haya ninayoandika mkayapeleka Glasgow.

Idara ya dharura nayo ni bure, ila tu mpaka pale wanapoamua kumlaza, na hapa ndipo familia nyingi zinapoumia. Kuanzia hapo, hata kama ni upasuaji wa dharura au chumba cha mahututi, saa ya bili imeanza kuhesabu. Kliniki za kurudi baada ya kuruhusiwa nazo zinatozwa. Mgeni hatozwi bei ile ile ambayo hospitali inalipwa na serikali kwa mwenyeji, anatozwa asilimia 150 yake: huduma ya pauni 4,000 kwake inakuwa 6,000.

Tangu tarehe 23 Oktoba 2017 hospitali za England zinalazimika kudai malipo kwanza kwa matibabu yanayoweza kusubiri mpaka mgonjwa arudi kwao. Anayeamua kama yanaweza kusubiri ni daktari, siyo karani. Yasiyoweza kusubiri hayaruhusiwi kucheleweshwa kwa sababu ya pesa. Anatibiwa, ankara inakuja baadaye. Huduma ya uzazi yote huhesabiwa kuwa ya haraka, kwa hiyo mjamzito hafukuzwi, ila mgeni asiye na msamaha atadaiwa.

Yapo pia magonjwa ambayo hayatozwi kwa yeyote kwa ajili ya usalama wa jamii: kifua kikuu, malaria, kipindupindu, magonjwa ya zinaa, na UKIMWI tangu Oktoba 2012. Malaria muikumbuke hasa. Mtu anayetoka Dar akipata homa ndani ya wiki za mwanzo aseme wazi katoka wapi na lini, maana daktari wa kule anaweza kuiona mafua.

Na visa haiharibiki kwa kutibiwa. Inaharibiwa na deni. Deni la pauni 500 au zaidi likikaa miezi miwili bila kulipwa, hospitali inatoa taarifa uhamiaji, na ombi lijalo linaweza kukataliwa kwa sababu hiyo. Dawa yake ni kuzungumza mapema: ndani ya miezi hiyo miwili ombeni kulipa kwa awamu, kiasi mnachokiweza kweli, na makubaliano yawe kwa maandishi. Mkiyatimiza, jina lake halipelekwi. Baadhi ya familia humrudisha mzee Dar haraka na kuiacha ankara kwenye droo ya binti. Miaka miwili baadaye mjukuu mwingine anazaliwa, bibi ananyimwa visa, na hakuna anayekumbuka kwa nini.

Kutoka Mbezi Beach

Naongeza upande wa bima, maana ndiyo kinga yake pekee. Kadi ya NHIF, bima ya afya ya taifa ya hapa Tanzania, haitamsaidia akilazwa Birmingham. Anahitaji bima ya safari, inunuliwe kabla hajapanda ndege, na siku zake zifunike safari nzima. Bima nyingi zina ukomo wa siku kwa safari moja, na miezi mitano inaweza kuupita bila nyie kujua.

Presha na sukari vitajwe kwenye fomu, pamoja na dawa, kipimo cha kila dawa na kama amewahi kulazwa. Wakala anaweza kusema acheni, bei itapanda. Itapanda kweli. Lakini akipata kiharusi na kampuni ikaomba faili lake la kliniki, ikaona presha ya miaka kumi ambayo haikutajwa, madai yote yanatupwa, hata ya mguu uliovunjika. Someni sehemu ya yasiyolipwa kabla ya kusoma kiwango cha juu cha malipo. Bima yenye kiwango kikubwa inayotenga magonjwa aliyonayo haimfai mama huyu. Angalieni pia ukomo wa umri, kiasi mtakachochangia wenyewe kwa kila dai, na kama kampuni inailipa hospitali moja kwa moja au mnalipa kwanza ndipo mrudishiwe.

Namba ya dharura ya bima awe nayo mama mwenyewe kwenye karatasi na binti awe nayo kwenye simu. Akilazwa wapigieni siku hiyo hiyo, muombe namba ya faili, mumpe mtumishi wa hospitali anayeshughulikia wagonjwa wa kutoka nje. Mkikaa kimya mpaka aruhusiwe, kampuni inapata sababu ya kubishana.

Kabla ya safari apime sukari, figo na moyo hapa hapa. Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete iko Muhimbili, hakuna haja ya kwenda kugundua tatizo la moyo kwa asilimia 150. Abebe dawa za safari nzima kwenye makopo yake halisi, na barua ya daktari kwa Kiingereza ikitaja ugonjwa na jina la asili la kila dawa, siyo la kibiashara tu. Za wiki mbili ziwe kwenye begi la mkononi. Kama anatumia insulini, yote iwe mkononi, kwenye mizigo ya chini inaweza kuganda.

Wakimwandikisha kwa GP atapewa namba ya NHS. Namba hiyo ni ya kumbukumbu tu, haithibitishi haki ya kutibiwa bure hospitali. Na karatasi za wodini zisomwe kabla ya saini: anayedaiwa kisheria ni mgonjwa mwenyewe, lakini ndugu akitia saini ahadi ya kulipa kwa jina lake, amejiingiza.

Kutoka Kinondoni

Moja kuhusu mtoto aliyezaliwa. Kama mama yake amelipa tozo, mtoto anafunikwa mpaka afikishe miezi mitatu, mradi hajatoka nje ya nchi. Ombi la visa yake na tozo yake viwe vimeshughulikiwa kabla ya hapo. Bibi akifika awakumbushe, maana wazazi wachanga wanasahau tarehe.

Lingine ni kwa ndugu wenye pasipoti ya Uingereza waliorudi kuishi Dar. Pasipoti peke yake haiwapi matibabu ya bure. Aliyehamia huku moja kwa moja akienda kule kutembea ni mgeni kama mama huyu, akilazwa anatozwa, na anahitaji bima. Anayerudi kuishi kabisa anapata haki tangu siku anayofika, ila atatakiwa kuonyesha: mkataba wa nyumba, kazi, shule ya watoto, mizigo iliyosafirishwa. Akitozwa kwanza na baadaye akathibitisha kuwa alikuwa na haki, anarudishiwa.

Na nyie mnaoishi kule, mkija likizo na pasipoti hizo mkavuka kwenda Zanzibar, tangu tarehe 1 Oktoba 2024 mgeni wa nje analipia bima ya huko dola 44, kupitia Shirika la Bima la Zanzibar. Lipeni mtandaoni kabla ya kusafiri na mchapishe risiti.