King'ora cha viwandani Pugu Road: 475 na 570 Hz, ni aina gani?

SikioLaVingunguti:
Wakuu habari za kazi. Kuna king'ora kinalia saa moja kamili asubuhi na saa tisa alasiri upande wa viwandani Pugu Road (siku hizi Nyerere Road), Dar, kati ya Vingunguti na Kipawa. Nimekirekodi kwa simu nikakifungua kwenye Audacity, programu ya kompyuta ya kuchambua sauti. Kinapanda kwa sekunde 6 hivi, kinashikilia sekunde 20, halafu kinashuka taratibu kama sekunde 30 mpaka kinaishia kwenye mngurumo. Kikishika kasi kinatoa mistari miwili iliyonyooka: 475 Hz na 570 Hz (Hz ni mitetemo kwa sekunde).

Nikachukua jedwali la wapenzi wa ving'ora wa Marekani. Linasema mota inakwenda raundi 3,450 kwa dakika, yaani 57.5 kwa sekunde. Gawanya mlio kwa hiyo upate idadi ya matundu ya kutolea hewa. 570 inanipa 9.9, nikasema sawa, matundu 10. Lakini 475 inanipa 8.26. Robo tundu ni kitu gani? Nimeanza kuhisi ni cha elektroniki kinachoigiza.

Umbo: kwa mbali juu ya paa kinaonekana kama pipa lililolazwa, kila ncha ina kitu mfano wa kizimba, na juu yake kuna bati la kukinga mvua. Nawasilisha.

FundiRota:
Mkuu, kugawanya umegawanya vizuri, ila umegawanya kwa umeme wa watu. Jedwali hilo ni la 60 Hz. Wa Tanesco ni 50.

Mota ya poli mbili (ncha mbili za sumaku) kwenye 60 Hz inafukuzia raundi 3,600 bila kuzifikia, inatulia karibu na 3,450. Kwenye 50 Hz inafukuzia 3,000 na kutulia kwenye 2,850 hivi, yaani 47.5 kwa sekunde. Sasa rudia: 475 gawanya kwa 47.5 ni 10. 570 gawanya kwa 47.5 ni 12. Hakuna mkia. Una king'ora cha matundu 10 upande mmoja na 12 upande wa pili.

Angalia ulivyonaswa: 50 kwa 60 ni uwiano uleule wa 10 kwa 12. King'ora cha 10/12 kikitolewa Marekani kikafungwa Dar, mlio wake wa juu unashukia palepale ulipokuwa mlio wa chini. Ndiyo maana 570 ilikaa vizuri kwenye 10 ikakuridhisha.

Kwa anayeanza: ndani kuna rota, gurudumu lenye mapanga linalovuta hewa katikati na kuitupa pembeni. Limezungukwa na stata, ngoma isiyozunguka yenye matundu. Rota ikizunguka, matundu yanafunguka na kuzibwa, hewa inakatwa vipande. Matundu 10 mara raundi 47.5 kwa sekunde ni mikato 475 kwa sekunde, na huo ndio mlio unaousikia.

Ukiwa na milio miwili huhitaji jedwali kabisa. Toa ndogo kwenye kubwa: 570 toa 475 ni 95. Tafuta uwiano: 570 kwa 475 ni 1.2, yaani 6 kwa 5 (ingedai raundi 95 kwa sekunde, mota haifiki huko), au 12 kwa 10. Tofauti ya matundu ni 2, basi 95 gawanya kwa 2 ni 47.5. Kasi ya mota umeipata kwenye rekodi yenyewe.

Chenye mlio mmoja kinabana zaidi. Tuseme umepata 420 Hz. Kwa umeme wetu mota ya poli mbili haiwezi kuvuka raundi 50 kwa sekunde, kwa hiyo matundu lazima yazidi 8.4. Jaribu 9: raundi 46.67 kwa sekunde, 2,800 kwa dakika, inaingia akilini. Jaribu 10: raundi 2,520, mota inayochelewa hivyo itaungua. Jibu ni 9, na hicho ndicho kipimo cha E57, king'ora cha Ujerumani chenye kofia kama uyoga. Chako hakifanani nacho kwa mlio wala kwa umbo.

MamaDesibeli:
Naongeza tahadhari, maana jibu la FundiRota limenyooka mno. 475 na 570 vinatoka pia kwenye matundu 20 na 24 kwa mota ya poli nne, inayotulia kwenye 1,425 hivi. Rota ya namna hiyo inakuwa pana na si ya kawaida, lakini hesabu ya uwiano peke yake haiiondoi.

Kinachoiondoa ni mistari ya pembeni. Hakuna rota iliyokatwa sawasawa kabisa. Panga moja limepinda kidogo, tundu moja limekula kutu. Hitilafu hiyo inajirudia kila mzunguko, hivyo pembeni mwa mlio mkuu panatokea mistari hafifu iliyoachana kwa kasi ya mota. Kwa poli mbili itafute kwenye 427.5 na 522.5, na juu ya 570 kuna 617.5. Ukiikuta imesogeleana kwa 23.75 badala ya 47.5, mota ni ya poli nne. Usihangaike kuitafuta 47.5 yenyewe kule chini. Kipaza sauti cha simu hakiifikii, na malori ya Pugu Road yameshaifunika.

Ili uione, kwenye mpangilio wa spektrogramu (picha ya milio kwa muda) ongeza ukubwa wa dirisha, yaani kipande cha rekodi kinachopimwa kwa mara moja. Rekodi ya sampuli 44,100 kwa dirisha la 2048 inatenganisha milio kwa hatua ya Hz 21.5, kila kitu kinagandana. Weka 16384, hatua inakuwa 2.7. Hasara yake ni kwamba sehemu ya kupanda inaonekana imepakwa matope, kwa hiyo dirisha kubwa litumie kwenye zile sekunde 20 za mlio uliotulia tu, na kwa kupanda na kushuka rudi 4096.

Hofu ya elektroniki ipime kwenye kushuka. Rota inapopungua kasi, uwiano wa 1.2 haubadiliki: mlio wa chini ukifika 380, wa juu lazima uwe 456. Na nguvu inapungua pamoja na mlio, maana hewa inayotupwa inapungua. Cha elektroniki kinaweza kushusha mlio huku sauti ikibaki na nguvu ileile. Kingine, cha elektroniki kinarudia namba zilezile kila siku, wakati cha mota kinafuata umeme ulivyoamka.

Kuhusu rekodi: usitume kwa ujumbe wa sauti wa WhatsApp. Unabana faili na kutupa milio ya juu, na simu nyingi zina kichujio cha kelele kinachouona mlio mrefu usiobadilika kama mngurumo wa feni, kinaufuta. Tumia programu inayorekodi WAV (faili la sauti lisilobanwa), zima kichujio na kipandisha sauti cha kujiendesha, kisha tuma faili kama dokumenti. Ukiwa chini ya mita 100, punguza usikivu wa kipaza. Rekodi iliyojaa inazaa mistari ya uongo, nawe utaihesabu kama matundu.

KibatiChaMota:
Mimi niongelee umbo, maana mlio unakupa familia, haukupi mtengenezaji. 10/12 wametengeneza wengi. Pipa lililolazwa lenye kizimba kila ncha ni mota moja katikati yenye rota mbili, moja ya 10 na nyingine ya 12. Huo ni mtindo wa Kiingereza wa ving'ora vya Vita Kuu ya Pili, vya akina Carter na Gents, na umeigwa sana. Usiandike jina la kampuni kwenye orodha yako mpaka uone kibati cha mota.

Kwenye kibati tafuta volti, fezi, ampea, raundi kwa dakika na masafa. Kikiandikwa "50 c/s" (mizunguko kwa sekunde) badala ya "50 Hz", ni mashine ya zamani. Hz iliingizwa rasmi kwenye vipimo vya SI mwaka 1960 na viwanda vilichukua muda kuhama. Raundi zilizoandikwa ni za mzigo kamili, linganisha na 2,850 yako. Ila chunguza kama mota haijabadilishwa. Boliti mpya na rangi tofauti kwenye miguu ya mota ni dalili kwamba mafundi wameweka nyingine, na hapo kibati kinakueleza habari za mota, si za king'ora.

Kama hujajua kipo paa lipi, tumia simu mbili. Anzeni pamoja, zote zikirekodi, piga kofi moja kubwa kama alama, kisha mmoja aende mita mia kadhaa bila kusimamisha rekodi. Saa za simu msizitegemee. Sauti kwenye joto la nyuzi 30 inakwenda karibu mita 349 kwa sekunde, hivyo mlio ukichelewa kwenye simu moja kwa sekunde 0.5, simu hiyo iko mbali zaidi na king'ora kwa mita 175 hivi. Ya saa moja asubuhi ni bora kuliko ya saa tisa: hewa ya chini bado ina ubaridi, sauti inainamishwa ardhini na kufika mbali, na upepo wa bahari haujaanza kuichezea.

Halafu, pita getini, omba kuonana na fundi umeme wa zamu, sema unataka kuona kibati. Usipige picha ukuta wa kiwanda kwa lenzi ndefu, na karibu na uwanja wa ndege, bandari au kambi, simu ibaki mfukoni kabisa. Na usikubali kupanda juu kabla swichi ya king'ora haijafungwa kwa kufuli. Kikiwaka ukiwa ubavuni mwake masikio hayarudi.

SikioLaVingunguti:
Nimeweka 16384: mistari hafifu ipo kwenye 427, 522 na 617. Poli mbili basi. Kwenye kushuka, 380 ilikuwa na 456 yake, na sauti inafifia pamoja na mlio. Ila rekodi ya Jumatano imenishangaza, ilitoa 485 na 582. Rota haiwezi kuota matundu.

FundiRota:
Toa: 582 toa 485 ni 97, nusu yake 48.5. Matundu ni yaleyale, mota ndiyo imeongeza mwendo. Kawaida yako 47.5 ni asilimia 95 ya 50, 48.5 ukigawanya kwa 0.95 unapata karibu 51 Hz. Gridi haipandi hivyo, huo ni umeme wa jenereta. Nyingi hutegwa juu kidogo ya 50 zikiwa hazina mzigo. Umeme ulikatika kwenu Jumatano asubuhi?

SikioLaVingunguti:
Ulikatika tangu saa kumi na moja alfajiri.

FundiRota:
Basi kwenye daftari lako ongeza safu ya "gridi/jenereta" karibu na tarehe.