Tupeane uzoefu: mbwa aliyeitwa muuaji, na siku askari walipokuja kumchukua

Shangazi wa Umoja:
Wanakijiji, hamjambo. Stima imepotea, mbwa wangu anakoroma miguuni pangu, nami nimekumbuka jinsi alivyofika. Anaitwa Sukari. Zamani ploti nzima ilimwita Shetani.

Ni rotwaila. Mwenye ploti alimleta alinde magari, kisha akauza ploti na mbwa akabaki humo kama tangi la maji. Alifungwa kwenye nguzo ya tangi hilohilo, mnyororo hauzidi hatua mbili. Watoto wakitoka shule walimrushia mawe ili wamsikie akinguruma. Sisi wakubwa tulitazama tu, nami nikiwemo, nisijifanye mtakatifu. Nilianza kumpelekea ukoko wa ugali na vichwa vya omena kwa sababu kilio chake kilininyima usingizi. Upendo ulikuja baadaye.

Jumapili moja mnyororo ukakatika. Punde si punde uani hakukuwa na mtu, hata yule jamaa wa chini anayejigamba kwamba alikuwa bondia. Tulipochungulia dirishani tukamwona Shetani amejibana chini ya meza ya mama wa mitumba, amejikojolea. Lakini mtu alikuwa ashapiga simu. Wakaja askari wawili, mmoja bunduki mkononi tayari.

Yule mwingine, mtu mzima, akamwambia mwenzake ashushe. Akauliza, "Ni wa nani?" Kimya. "Nani humpa chakula?" Shingo zote zikageukia dirisha langu.

"Basi ni wako, mama. Shuka na sufuria."

Nilishuka magoti yakigongana. Afande alichutama kiubavu, macho chini, akapiga miayo ya kusudi. Akaniambia kwa sauti ya chini kwamba mbwa mwenye hofu akikodolewa macho huona umekuja kupigana. Kumbe aliwahi kutumikia kikosi cha mbwa. Tulikaa hapo dakika arobaini. Mwenzake alitazama saa mpaka akachoka, akakaa kwenye ndoo. Mwishowe Shetani akaja akitambaa kwa tumbo, akalamba sufuria, nikamfunga leso yangu shingoni.

Haya, nanyi leteni zenu, ziwe tamu ziwe chungu. Vituo vya polisi na majina ya watu tuviache.

Boda Kawangware:
Shangazi, mimi naogopa mbwa mpaka leo. Niliumwa shavu la mguu nikipeleka chakula kwa mteja Lavington. Kila nikisimulia watu huuliza, "Ilikuwa pitbuli?" Hapana jamani. Ni kale kadogo keupe ka manyoya kama pamba, kana riboni. Hakuna aliyeita askari kwa ajili yake. Mwenye nyumba alicheka, akasema kanapenda kucheza.

Baba Chui:
Mimi yangu haichekeshi.

Chui alikuwa chotara wa pitbuli, kichwa kipana, moyo wa kuku. Alilala na mwanangu akiwa mchanga. Usiku mmoja askari walikuwa wakimfukuza mwizi wa simu, wakaruka ukuta wakaangukia uani kwetu. Chui alibweka. Alikuwa amefungwa, nasema tena, amefungwa. Nilisikia mlio mmoja, nikatoka na tochi.

Asubuhi nilienda kituoni kuandikisha kwenye OB, kile kitabu cha matukio cha polisi. Afande wa dawati akaniuliza, "Thamani yake?" Sikuwa na jibu. Akaandika "mbwa mmoja, mweusi" akanipa namba. Nina kile kikaratasi hadi leo kwenye pochi. Sijui nakitunza cha nini.

Nimejaribu kujiweka mahali pa yule askari kijana aliyempiga risasi. Giza, jasho, mwizi mbele, mara mlio wa mnyama. Kwenye geti langu hakukuwa hata na kile kibao cha MBWA KALI (najua ni mkali, lakini Nairobi nzima imeandika kali, nani atakubali kibao cha sarufi?). Mtu aliyefundishwa kuhusu majambazi tu atafanya nini? Lakini mnyororo ulikuwa unang'aa kwenye tochi zao.

Shangazi wa Umoja:
Pole sana, Baba Chui. Pole.

Daktari wa Mifugo:
Baba Chui, pole. Niseme jambo moja kuhusu risasi, maana wengi hudhani ndiyo dawa ya haraka mbwa akiuma mtu.

Mbwa aliyeuma akishikwa na kufungiwa, tunamtazama siku 10. Akibaki mzima siku hizo zote, hakuwa na virusi vya kichaa cha mbwa kwenye mate yake siku ile aliyouma. Akipigwa risasi, siku hizo zimepotea. Akipigwa ya kichwa ni mbaya zaidi, kwa sababu maabara hupima ubongo, na ubongo wenyewe umesambaratika. Mimi nimewahi kuletewa kichwa cha namna hiyo kwenye gunia, na familia ya aliyeumwa imesimama mlangoni inasubiri jibu ambalo singeweza kuwapa.

Aliyeumwa asingoje mbwa. Aoshe kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyohiyo kwa chanjo. Boda, nawe ulistahili hayo. Riboni haizuii kichaa.

Na huyo Sukari, mababu zake kule Rottweil, Ujerumani, walikuwa wakiswaga ng'ombe na kuvuta mikokoteni ya wachinjaji. Ni mbwa wa kazi. Ukimfunga kwenye nguzo mwaka mzima ni kama kumfungia dereva wa matatu chumbani. Ukali utauona tu.

Msichana wa South B (niko Birmingham):
Huku Uingereza wana sheria ya mwaka 1991 inayopiga marufuku aina kadhaa, pitbuli wakiwemo. Mwisho wa 2023 wakaongeza XL Bully, mbwa mkubwa mwenye misuli. Mbwa hupimwa kwa umbo: kichwa, kifua, miguu. Anaweza kuchukuliwa hata kama hajawahi kuuma nzi. Mahakama ikiridhika kwamba si hatari hurudishwa kwa mwenyewe, lakini ahasiwe, na akitoka nje avae kifunga mdomo. Wa jirani yangu alirudi amekonda, hajui jina lake.

Mama Pacha:
Nitasema lisilopendwa. Mwanangu ana kovu kutoka sikioni hadi mdomoni. Geti lilikuwa wazi na mwenye mbwa alikuwa ndani anatazama mpira. Mnapohurumia mbwa, mhurumieni na mtoto anayetumwa maziwa dukani.

Shangazi wa Umoja:
Mama Pacha, sina la kukupinga. Sukari hatoki bila kamba na kifunga mdomo, na amechanjwa. Watoto wa ploti nimewakataza kumgusa nisipokuwepo, ingawa sasa ndio humwibia mandazi wampe.

Soja wa Usiku:
Mimi nashika mbwa wa kampuni kwenye geti. Mchana yuko kwenye kibanda cha mabati, usiku kazini, na kila mwezi anapewa mshikaji mwingine. Huyu wa sasa aliniringia wiki mbili. Siku ya mvua nilimpa nusu ya chapati yangu na nusu ya mwavuli. Mwezi ujao tunabadilishwa. Nimeshamwomba msimamizi, akaniambia mbwa ni kifaa kama redio.

Baba Chui:
Soja, mwombe tena.

Shangazi wa Umoja:
Stima imerudi. Nimesahau kuwaambia: yule afande bado hupita hapa akitoka zamu, na Sukari humjua kwa sauti ya buti. Mwenzake wa bunduki alikuja naye mwezi jana. Alisimama mbali, kisha akachutama kiubavu, macho chini, akapiga miayo mikubwa mpaka tukamcheka wote.

Boda, ukipita Umoja piga honi nimshike kwanza.